Leseni ya uuguzi nje ya nchi: karatasi inayosafiri bila wewe

Ilikuwa saa nane usiku, wodi imetulia, dripu zote zinashuka vizuri, na binti mmoja wa zamu yangu ameegemea meza ya manesi anaperuzi simu. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Dada, hivi leseni ya Uingereza wanauzaje?"

Nilicheka, ila swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Wengi wetu tunaofanya kazi hospitali za Dar es Salaam tunaiwaza leseni ya nje kama bidhaa ya Kariakoo: ulizia bei, lipa, ondoka na mzigo. Mawakala wa mitandaoni nao wanaiuza hivyohivyo, kifurushi kimoja chenye "leseni, viza na kazi" ndani yake. Hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia, kwa sababu hivyo ni vitu vitatu na kila kimoja kina bawabu wake.

Baraza la uuguzi la nchi unayokwenda linajibu swali moja tu: je, wewe ni muuguzi kwa viwango vyetu? Halikutafutii kazi. Mwajiri anajibu jingine: je, tunakuhitaji, na tuko tayari kukudhamini? Uhamiaji wao wanajibu la tatu: je, uingie nchini? Unaweza kufaulu kwa bawabu mmoja ukakwama kwa mwingine. Namjua mtu aliyefaulu mitihani ya Marekani na bado yuko Temeke anasubiri foleni ya viza. Namjua pia aliyepata viza ya kwenda kulea wazee Uingereza akidhani akifika atageuzwa kuwa nesi. Mwaka wa tatu sasa bado anabadilisha nepi za wazee, kwa sababu viza yake haikuwa na uhusiano wowote na usajili wa uuguzi. Njia hiyo yenyewe, ya kuajiri walezi kutoka ng'ambo, Uingereza iliifunga Julai 2025, na bado naona matangazo yake yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hapa nitakaa zaidi kwa bawabu wa kwanza, yule wa baraza, maana ndiye anayetuchanganya kuliko wote.

Mimi mwenyewe niliwahi kuifuata njia ya Uingereza mpaka nikafaulu mtihani wa kwanza, kisha mambo ya nyumbani yakanirudisha nyuma. Nilianza kwa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Nilibeba bahasha yangu ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, stashahada, transkripti, cheti cha usajili na leseni. Nikaenda steshenari moja Mnazi Mmoja wakanitolea kopi, nikapanda ghorofani kwa wakili akagonga mhuri kila ukurasa, nikashuka tena steshenari kuskani. Nikatuma. Siku ile nilijiona nimemaliza nusu ya safari.

Majibu yalikuja kwa adabu: asante, lakini haya hatuwezi kuyapokea kutoka kwako.

Ilinichukua muda kuelewa mantiki yake, na ukishaielewa hii, mambo mengi yanajifungua yenyewe. Kwa baraza la nje, karatasi iliyo mkononi mwako haithibitishi chochote, hata ikiwa halali kabisa na ina mihuri kumi ya wakili. Wakili anathibitisha kwamba kopi inafanana na karatasi aliyoiona. Hathibitishi kwamba ulikaa darasani. Anayeweza kusema ulisoma ni chuo, kwamba umesajiliwa ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwamba ulifanya kazi ni mwajiri wako, na kwamba huna kesi ni polisi. Kila mmoja wao anatakiwa amwambie baraza la nje moja kwa moja, kwa barua pepe ya ofisi, kupitia mfumo wa mtandaoni, au kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri juu ya gundi. Wewe kazi yako ni kuomba, kulipia na kusubiri. Ukiigusa ile bahasha, imeharibika.

Wanafanya hivyo kwa sababu vyeti vya kughushi vipo duniani kote, na baraza limeundwa kumlinda mgonjwa. Ukiliangalia kwa jicho hilo hasira inapungua kidogo, ingawa haiishi.

Fomu ya kuthibitisha masomo yangu ilitumwa kwenye barua pepe ya chuo iliyoandikwa kwenye tovuti yao. Hakuna aliyekuwa anaifungua. Nilikwenda mwenyewe, karani akawa mwema mno: akaijaza fomu pale pale, akaitia kwenye bahasha, akanikabidhi. "Chukua mwanangu, ukatume mwenyewe, kwetu hapa mambo ya posta yanachelewa." Nikashukuru, nikatuma kwa kampuni ya vifurushi kwa hela nyingi, jina langu likiwa kwenye sehemu ya mtumaji. Ikakataliwa kwa sababu hiyohiyo: mtumaji ni mwombaji. Miezi mitatu ikaenda na maji. Sikumlaumu yule mama, alikuwa ananisaidia. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia: kabla hujajaza fomu yoyote ya nje, nenda chuoni kwako ana kwa ana, mtafute mtu anayeshika ofisi ya usajili wa wanafunzi, pata barua pepe anayoifungua kweli, na umweleze kwamba itakuja fomu na lazima aijibu yeye. Ukipata namba yake ya simu, ilinde kama yai.

Kwa upande wa Baraza letu, kuna jambo dogo linalowaangusha wengi. Cheti cha usajili na leseni ya kufanya kazi ni vitu viwili. Cheti kinasema uliingia kwenye daftari, leseni inasema bado unaruhusiwa kufanya kazi leo, nayo inahuishwa na inadai pointi za kujiendeleza kitaaluma. Baraza la nje likiuliza, linauliza yote mawili, na linauliza la tatu: ana shauri lolote la kinidhamu? Sasa, ikiwa leseni yako iliisha ukiwa likizo ya uzazi na hujaihuisha, jibu litakalokwenda ni kwamba huna leseni hai. Hawatakuuliza kwa nini.

Halafu yapo majina. Natamani ningeanza nayo, kwa sababu ndiyo yanayokwamisha watu wengi wa kwetu kuliko mtihani wowote.

Chukua mfano ambao si wa mtu fulani lakini kila wodi inao. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi J. Hamisi, kwa sababu mwalimu wa darasa aliongeza jina la babu. Chuoni wakaandika Mwanahidi, herufi moja imezidi, na hakuna aliyejali. Akaolewa, kitambulisho cha NIDA kikatoka na jina la mume, pasipoti ikafuata NIDA. Hapa kwetu watu hao wanne ni mmoja, mtaa mzima unamjua kwa jina la Mama Rehema. Kwa karani wa London au Texas anayelinganisha herufi kwa herufi, ni watu wanne, na mmoja tu ndiye mwenye stashahada.

Dawa yake ipo lakini haina haraka. Herufi iliyokosewa chuoni inasahihishwa chuoni, na kama ni stashahada jambo linafika mpaka NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Cheti cha kuzaliwa kinashughulikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Jina la ndoa linaelezwa na cheti cha ndoa. Tofauti zilizobaki unaapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote haya ni ya mtu mmoja, na kama umebadili jina kabisa unasajili hati ya kubadili jina. Hati ya kiapo inapokelewa sehemu nyingi, ila nimeona ikizua maswali pale ambapo kusahihisha cheti chenyewe kungeyamaliza. Panga hati zako zote juu ya kitanda, za kuzaliwa mpaka pasipoti, usome jina kwa sauti herufi moja moja. Ni zoezi la dakika kumi, na bora ulifanye kabla hujalipia kitu chochote.

Nasisitiza "kabla" kwa sababu ya saa inayokwenda. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza yanaishi miaka 2. Wengi wanakimbilia Kiingereza kwanza kwa kuwa ndicho kinachoonekana, wanafaulu, wanapiga picha na matokeo, halafu wanaanza kurekebisha majina na kufukuzana na chuo. Mwaka na nusu unapita, cheti cha Kiingereza kinachacha. Mimi ningekuwa naanza upya, ningeanza na majina, kisha chuo, kisha Baraza, na Kiingereza ningekisoma polepole pembeni muda wote huo.

Swali la kujiuliza kabla ya kuchagua nchi ni hili: wewe ni muuguzi wa aina gani kwa macho yao? Mwenye cheti cha miaka 2 njia yake ni nyembamba. Marekani kuna ngazi iliyo chini ya ile ya muuguzi aliyesajiliwa (RN), nayo ina mtihani wake, NCLEX-PN, lakini njia nyingi za viza zinamtaka yule wa ngazi ya juu. Ushauri wangu kwa mwenye cheti ni kumalizia stashahada au shahada hapahapa, iwe Muhimbili au chuo kingine kinachotambulika, kuliko kumlipa mtu anayesema "tutapenyeza".

Na ukunga. Hapa kwetu tumezoea mtu mmoja kuwa muuguzi mkunga: asubuhi uko wodi ya upasuaji, mwezi ujao uko leba unazalisha. Uingereza hizo ni taaluma mbili zenye maombi mawili na mitihani miwili. Ukisajiliwa kama muuguzi wa watu wazima, huruhusiwi kuzalisha, hata kama Mwananyamala ulizalisha watoto elfu. Tena uuguzi wenyewe wameugawa: watu wazima, watoto, afya ya akili, na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Wengi wetu tunaangukia kwa watu wazima. Nimeona wakunga wazuri wakilia kwa jambo hili, na kama ukunga ndio moyo wako, omba kama mkunga tangu siku ya kwanza.

Kiingereza sasa. Watu wananiambia, "Lakini sisi tumesoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo, mtihani wa nini tena?" Hoja inaingia akilini, na baraza la Uingereza kweli linakubali ushahidi kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Ila ukisoma masharti mpaka chini, unakuta hawahesabu darasa peke yake. Wanataka angalau nusu ya masomo yawe ya vitendo, na katika hayo angalau robo tatu ya mazungumzo yako na wagonjwa, ndugu zao na wahudumu wenzako yawe yamefanyika kwa Kiingereza. Nani alimwambia bibi wa Mbagala "how are you feeling today"? Darasa letu ni la Kiingereza, wodi yetu ni ya Kiswahili, na hilo linatutoa. Kwa hiyo ni mtihani.

Uingereza inakubali IELTS ya kitaaluma kwa alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Vinginevyo OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, daraja B, na C+ kwenye kuandika. Hukufikia sehemu moja? Unaweza kurudia na kuunganisha matokeo ya mara mbili ndani ya miezi 12, kwa masharti yao. IELTS inafanyika Dar es Salaam kupitia British Council na ni nafuu kuliko OET, ndiyo maana wengi wanaichagua. Mimi maoni yangu ni tofauti kidogo. IELTS inakutaka uandike insha kuhusu usafiri wa umma au elimu ya juu. OET inakupa maelezo ya mgonjwa, historia yake, dawa zake, vipimo vyake, na inakutaka uandike barua ya rufaa ya maneno kama 200. Hiyo kazi tunaifanya. Shida ya manesi wetu haiko kwenye kujua Kiingereza. Shida ni mkono uliozoea kuandika "pt stable, vitals taken, continue mgt" miaka kumi mfululizo. Sentensi kamili zimesahaulika. Atakayejizoeza kuandika ripoti ya zamu kwa sentensi nzima, mwezi mmoja tu, ataona tofauti.

Ukishavuka hapo, mitihani ya Uingereza iko miwili. Wa kwanza unafanywa kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE na ada yake niliyoijua mimi ni pauni 83. Una vipande viwili: hesabu, maswali 15, na nadharia, maswali 100 ya kuchagua. Hesabu zenyewe ni zetu za kila siku. Lita 1 ya maji iishe kwa saa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita: elfu moja mara ishirini, gawa kwa dakika 480, unapata 41 na ushee, unaweka 42 kwa dakika. Nesi wa Dar anaipata. Anachokosa ni mazoea ya kuipata kwa kalamu, kwa sababu wodini tunashika koki, tunaangalia matone kwa macho, tunasema "hapo sawa".

Mtihani wa pili ni wa vitendo na unafanyika hukohuko Uingereza, sehemu kama Oxford, Northampton na Leeds. Unaitwa OSCE, ada yake ilikuwa pauni 794, na waajiri wengi huilipia. Vituo ni 10. Vinne vinafuata mzunguko wa kumpima mgonjwa, kupanga huduma, kutekeleza na kutathmini, vinne ni vya stadi za mikono, na viwili vya kuandika kimyakimya. Waliokwenda wakanipigia simu wote wanasema jambo moja: mikono ilijua, mdomo ndio ulioangusha.

Fikiria unavyomwendea mgonjwa hapa. "Shikamoo mama, umelalaje? Mwanao kaja?" Unamjua kwa kitanda, kwa jina la mtoto, kwa ukoo. Heshima yote imo mle. Kwenye OSCE hakuna shikamoo. Unaingia, unaosha mikono huku mtahini anaona, unajitambulisha kwa jina na cheo, unauliza jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na mkanda wa mkononi, unauliza kama ana mzio wa dawa yoyote, unauliza angependa umwite vipi, unaomba ridhaa, na ndipo unagusa. Ukiruka mzio wakati wa kugawa dawa, umeanguka hata kama dawa ni sahihi. Kila unachokifanya unakisema kwa sauti, hata mbele ya mdoli. Dada mmoja aliniambia alijisikia mwendawazimu kumwomba mdoli ridhaa ya kumwekea katheta. Alifaulu mara ya pili. Jifunzeni pia kujaza jedwali lao la NEWS2, linalojumlisha pointi za upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto. Sisi wodi yenye wagonjwa 40 vipimo hivyo tunavichukua, lakini kuvijumlisha kuwa namba moja inayokuambia "ita daktari sasa" ni tabia ambayo lazima ujifundishe.

Nafasi ni tatu kwa ombi moja. Na viza ya kazi inakuja na saa yake: OSCE ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi, usajili ndani ya miezi 8. Kabla ya hapo unafanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi. Wengine hawaambiwi hilo na wakala, wanalijua wakishafika na baridi imeshawapiga.

Marekani ni habari nyingine, na sijawahi kuipitia mwenyewe, ila nimewasindikiza wenzangu kuijaza. Jambo la kwanza ni kwamba hakuna baraza la taifa. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake, hivyo swali la kuanzia ni jimbo gani. Bodi nyingi zinataka elimu yako ya nje ilinganishwe na ya kwao, kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa na CGFNS, shirika la tangu 1977 lililobadili jina mwaka 2025 likawa TruMerit. Hapo transkripti yako inachambuliwa: saa za nadharia na za vitendo kwa wagonjwa watu wazima, uzazi, watoto na afya ya akili. Transkripti iliyoandika "Clinical Practice III" bila kusema ni wodi gani na saa ngapi inarudi. Omba chuo kikupe mchanganuo wa saa mapema.

Bodi ikiridhika inakuruhusu kufanya NCLEX-RN, mtihani wa muuguzi aliyesajiliwa. Ada ni dola 200, na ukiufanyia nje ya Marekani unaongezewa dola 150. Mtihani huu unawashtua watu kwa sababu unakubadilikia: ukijibu vizuri swali linalofuata linakuwa gumu, ukikosea linashuka, na kompyuta inakata pale inapokuwa na uhakika. Maswali kati ya 85 na 150, saa zisizozidi 5. Kwa hiyo kuzimika mapema si dalili ya kufeli, na kuendelea mpaka mwisho si dalili ya kufaulu. Maswali yenyewe hayakuulizi malaria inasababishwa na nini. Yanakupa wagonjwa wanne na kukuuliza unamwendea nani kwanza. Vitabu vingi vya kujiandaa vimeandikwa kwa vipimo vyao: utaona sukari 100 utake kukimbilia insulini, kumbe ni miligramu kwa desilita. Gawa kwa 18, inakuwa 5.6, sukari ya mtu aliyeamka salama.

Leseni ya jimbo ikipatikana, bado viza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1996 inamtaka mhudumu wa afya aliyesomea nje awe na cheti cha uhakiki kinachoitwa VisaScreen, kisha wengi wanaingia kwenye foleni ya viza ya ajira ya EB-3, inayosogezwa mwezi kwa mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya kule kwa kutangaza tarehe. Kuna miezi tarehe haisogei kabisa, na kuna inayorudi nyuma. Yule wa Temeke niliyemtaja yuko humo.

Ghuba ni njia ya haraka zaidi, na ndiyo maana wengi wanaanzia huko. Dubai, Abu Dhabi, Saudia na Qatar wanapeleka hati zako kwa DataFlow, kampuni ambayo kazi yake ni kuuliza chanzo, ileile hadithi ya bahasha, kisha unafanya mtihani wa kompyuta. Wanapenda uzoefu wa miaka 2 hivi usio na pengo. Australia na Kanada nazo zinatumia NCLEX kwa waliosomea nje, Australia ikiongeza OSCE yake. Ujerumani hakuna Kiingereza: unajifunza Kijerumani mpaka ngazi ya B2, na Goethe-Institut ipo hapa Dar. Kisha mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi inakuandikia barua ya mapungufu ya elimu yako, unayaziba kwa mtihani au kwa mafunzo ukiwa kazini.

Nimemwacha wakala mwisho, ingawa kwa watu wengi ndiye wa kwanza kukutana naye. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya. Ya 2023 ina nchi 55 na Tanzania imo. Uingereza imeichukua orodha hiyo na kuiita nyekundu katika mwongozo wake wa maadili ya uajiri: hospitali zake na mawakala wake hawaruhusiwi kuja kututafuta, kufanya usaili wa makundi wala kututangazia nafasi. Wewe binafsi hukatazwi kuomba kazi uliyoiona mwenyewe kwenye tovuti ya mwajiri na kuitwa. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba hospitali za Uingereza zimemtuma kukusanya manesi wa Dar es Salaam ama hajui sheria ama anaijua vizuri sana. Na mwongozo huohuo unakataza kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Anayekudai milioni mbili za "kuingiza jina" anakudai kitu ambacho mwajiri halali angekatazwa kukipokea.

Hilo halina maana kwamba kila anayesaidia ni tapeli. Kuna watu wanalipwa kujaza fomu na kufuatilia barua pepe, na kwa mwenye zamu tano kwa wiki hela hiyo si bure. Muulize tu swali moja: akaunti ya baraza inafunguliwa kwa barua pepe ya nani? Akisema yake, nyanyuka. Barua zote za maombi yako zitaingia kwake, na siku mkikosana hutajua hata ombi limefikia wapi.

Yule binti wa zamu ya usiku hakupenda majibu yangu. Alitaka bei. Nilimpa bei za mitihani, kisha nikamwambia alete hati zake zote zamu inayofuata. Alikuja nazo kwenye mfuko wa rambo. Tukazipanga juu ya meza ya dawa baada ya raundi: jina la pili kwenye stashahada lina "h" ambayo pasipoti haina. Amekwenda chuoni mara mbili, na mara ya pili alimkuta mhusika. Jumanne aliniandikia kwamba wamepokea barua yake na kumwambia arudi baada ya siku 21. Akaunti ya baraza la nje hajafungua hata moja.